Mkono wa Mamangu Kwenye Bango

Nilimwona mamangu ukutani kanisani, Jumapili, mbele ya waumini wote, na chini ya miguu yake pameandikwa kwamba hana mtu.

Nitajitahidi kusimulia kwa mpangilio, ingawa hadi leo nikilikumbuka jambo hili inabidi niweke mkasi chini. Mimi ni fundi cherehani hapa Voi. Nashona sare za shule, na nyakati za harusi nashona magauni. Fundi akikata kwa hasira, kitambaa cha mtu kinaharibika.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha akina mama. Kila ukame unapobana huko nyanda za chini tunachanga, na mchango wetu tunaupeleka kwa shirika linalosaidia watu wa upande wa Ndara. Wengi katika kikundi ni watu wa bara waliokuja Voi kufanya biashara wakaishia kujenga. Ni watu wema. Mtu anayeuza nyanya kutwa nzima kwenye jua hili la Voi, kisha jioni akatoa sehemu ya jasho lake kwa ajili ya mtu asiyemjua, huyo simchezei. Kwa hiyo anayemlaghai mtu kama huyo, mimi sina neno zuri la kumwita, na yale mabaya nitayahifadhi kwa sababu kisa hiki watakisoma hata watoto.

Jumapili ile alikuja kijana wa shirika hilo hilo, ambalo jina lake sitalitaja. Fulana safi yenye nembo, viatu vyeupe, maneno matamu. Mchungaji akampa nafasi baada ya sadaka. Akawasha projekta, na ukuta wa mbele ukajaa uso wa mamangu.

Alikuwa amevaa lile gauni lake la shambani, lililopasuka begani, ambalo nimemwomba alitupe hadi nimechoka. Miguu ina tope. Kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Mkono wake wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja juu, na picha inaishia hapo hapo penye kiganja. Maneno yalikuwa makubwa: BIBI HUYU HANA MTU. HAJALA TANGU JUZI. MNYOOSHEE MKONO.

"Huyu ni bibi mmoja wa huko Ndara," kijana akasema, sauti ameishusha kama anayesoma tanzia redioni. "Hana mtoto, hana mjukuu. Kila tukimkumbuka, tunalia."

Mama aliyekaa kando yangu alitoa leso akafuta machozi. Mimi nilikaa pale, mtoto wa bibi asiye na mtoto, nimevaa kiatu alichonisifia yeye mwenyewe Krismasi iliyopita.

Mamangu hakai Ndara. Mamangu anakaa Wusi, huko juu milimani, kwenye shamba ambalo mfereji hupita nyuma ya jikoni. Ana migomba, ana miparachichi, ana ng'ombe mmoja mkaidi anayemfanya aseme peke yake kutwa. Hata pale ukutani, kwenye kona ya picha, jani la mgomba lilikuwa limejitokeza. Mtaita yeyote angelicheka kwa sauti. Nani amewahi kuona mgomba Ndara? Huko ni miiba, vumbi, mbuzi na ndovu. Lakini kanisani kwetu nani angejua? Kwa mtu wa bara, kote huku ni Taita tu, na Taita ni ukame.

Sikusimama. Watu huniuliza kwa nini sikusimama. Nilikuwa siamini. Nilikuwa nauangalia ule mkono. Mamangu hanyooshi mkono hivyo. Huyu ni mwanamke aliyetusomesha kwa kabeji na maziwa, na siku aliyokwama ada aliuza mtamba wake wala hakumwambia hata dada yake. Mkono ule, kiganja juu mbele ya watu, sikuujua ni wa nani.

Baada ya ibada nilimfuata kijana nje, akiwa anakunja waya zake.

"Yule bibi wa kwenye picha anaitwaje?" nilimuuliza.

"Aah, mum, hatutaji majina. Ni heshima kwao."

"Anakaa wapi?"

"Huko Ndara ndani ndani. Gari haifiki."

"Yule ni mamangu," nikamwambia. "Anakaa Wusi. Gari inafika mpaka mlangoni."

Nilitarajia aone haya. Nilitarajia angalau atazame chini. Alinitazama tu, kisha akanishika bega, akanishika bega mimi, akasema, "Wow. Pole sana, mum. Sasa si unajua, ile ni picha ya mfano tu. Wafadhili lazima waguswe. Lakini kama ni mamako, hakuna shida. Tunaweza kumweka kwenye watu wa kupewa unga."

Unga! Mamangu apewe unga! Nilimwambia autoe mkono wake begani kwangu kabla sijamwonyesha jinsi Wataita wanavyoguswa. Nikamwambia pia aiondoe ile picha kila mahali ilipo. Akasema suala hilo ni la ofisi ya Nairobi, ataandika barua pepe.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama simu. Sikumwambia kitu. Nilizunguka kwa ng'ombe, kwa mvua, kwa jicho lake. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na mwisho wa mwezi alitakiwa ateremke Voi kufanyiwa upasuaji. Kisha nikauliza kana kwamba si neno.

"Mama, kuna wageni walikuja hapo nyumbani?"

"Eh, walikuja. Vijana wa shirika. Wana heshima hao, sijaona. Walinikuta natoka shambani hata sijanawa miguu. Sasa ningewaacha wageni wasimame nikibadilisha nguo? Nikawapakulia kimanga, wakakula. Yule mrefu aliongeza. Nikawafungia na ndizi za njiani."

Kimanga cha mamangu, viazi vitamu na maharagwe vimepondwa pamoja, hakiliwi kidogo. Namwamini kwamba aliongeza.

"Walikupiga picha?"

"Walinipiga. Walisema ni ukumbusho, wataniletea yangu. Mpaka leo nangoja. Ukiwaona huko Voi uwakumbushe."

Nilisema nitawakumbusha. Kisha nilikata simu nikalia kwa hasira, ile hasira ya kulia huku unapanga vyombo kwa kishindo. Walikula chakula chake, wakafuta midomo, wakaenda kutangaza kwamba ana njaa.

Juma lile kikundi kilikutana kuamua mchango wa mwaka huu uende wapi. Mwenyekiti wetu ni mama anayeuza nafaka sokoni, mwanamke imara, mwenye sauti ya kuamuru magari yarudi nyuma. Niliwaeleza yote. Wakanisikitikia sana. Halafu mwenyekiti akasema lile neno ambalo sitalisahau.

"Mama, tumekusikia na inauma. Lakini shirika lina cheti, lina ofisi, lina gari. Makosa ya picha wataomba msamaha. Na sisi tukitoa, tunamtolea Mungu. Wakila, watajibizana na Mungu wenyewe."

Wengine wakaitikia amina. Jamani, amina ile! Sijui nani alitufundisha kwamba kufunga macho ni imani. Mungu hakuomba bauza, lile lori la kuleta maji. Mungu hana mbuzi Ndara. Tunachukua chakula cha mtu mwenye njaa, tunamkabidhi mwizi, kisha tunaenda kulala vizuri kwa sababu tumemtolea Mungu! Na wezi wanalijua neno hilo kuliko sisi. Wanakuja kanisani kwa sababu wanajua huko hawaulizwi.

Niliyasema haya yote kwa sauti ya juu kupita kiasi. Nikamgeukia mwenyekiti.

"Wewe ukiletewa maharagwe kutoka Taveta, kutoka Bomeni, unafanyaje? Unatazama gunia limeshonwa vizuri ukalipa?"

"Haiwezekani," akasema.

"Unafanyaje?"

Kila mtu sokoni anajua anachofanya. Mwenyekiti wetu hukunja mkono wa blauzi, akatia mkono mpaka chini ya gunia, akachomoa maharagwe ya huko chini kabisa, akayavunja kwa meno akitafuta wadudu. Wauzaji humwogopa. Kuna waliowahi kurudi na mzigo wao wote.

"Basi na hawa tia mkono mpaka chini," nikamwambia. "Hii picha ni maharagwe ya juu."

Alikasirika. Aliniambia nisimfanye mfano mbele ya watu. Lakini kesho yake asubuhi Probox yake ya kubebea magunia ilisimama mbele ya duka langu, na yeye yuko ndani na kofia ya jua. "Ingia twende," akasema, "na usiniongeleshe."

Hatukumwarifu mtu. Hilo naliweka mbele ya mambo mengine yote, na anayetaka kujua namna ya kulichagua shirika alisikie kwangu bure: usitoe habari kwamba unakuja. Ukitoa habari, utapokewa na ngoma.

Tulifika kwenye tangi ambalo kijana alikuwa ametuonyesha kwenye ukuta wa kanisa, maji yakibubujika na watoto wakiruka. Tangi lilikuwepo kweli. La kijani, limesimama juu ya saruji, nembo imechorwa upya. Mwenyekiti alifungua bomba. Akatoka nyigu. Mmoja.

Mwanamke aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama kututazama. Tulimsalimu, tukamuuliza maji hutoka siku gani.

"Yalitoka siku ile moja," akasema. "Walikuja na bauza, wakamimina kidogo, wakafungua, wakapiga picha. Watoto waliambiwa waruke. Halafu bauza ikaenda zake."

"Na nyinyi mnachota wapi?"

Alielekeza mkono kusini, mahali ambapo sikuona kitu. Akasema huenda alfajiri kwa sababu jioni ndovu hushuka kunywa hapo hapo. Nilimwonyesha kwenye simu ile picha ya mamangu, niliyoipata kwenye ukurasa wao wa mtandao, nikamuuliza kama anamjua bibi huyo. Aliitazama kwa makini, mbuzi wakimvuta sketi.

"Huyu si wa huku," akasema. "Huku tungekuwa na mgomba tungelia nini?"

Mwenyekiti alirudi garini, akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha injini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilidhani analia kwa huruma. Alikuwa na hasira kuliko mimi.

"Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote hii nimewashawishi wale akina mama watoe."

Sitaki mtu aseme nachukia mashirika. Wapo wanaofanya kazi, na uchungu wangu mmoja ni kwamba matapeli wanawachafulia hata hao. Tulimpata mama mmoja wa shirika dogo ambalo ofisi yake iko nyuma ya duka la dawa za mifugo, bango hata halina. Tulimtokea ghafla kama kawaida yetu mpya, tukamwambia tunataka kuona kazi yake. Akatupeleka siku hiyo hiyo. Na mahali pa kwanza alipotufikisha palikuwa ni silanga iliyobomoka, bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua. Ukingo umekatika, bwawa ni shimo la nyasi kavu.

"Hii tulikosea," akasema. "Tuliichimba kwenye njia ya mafuriko, mvua moja ikaondoka nayo. Nawaonyesha hii kwanza ili msije mkaiona peke yenu mkadhani naficha."

Halafu akatupeleka kwenye silanga nyingine mbili, na humo mlikuwa na maji ya rangi ya chai, na ng'ombe wa watu wakinywa, na wenyewe wakimpigia kelele za utani wakimwita kwa jina lake la nyumbani. Mwenyekiti alikunja mkono wa blauzi, akautumbukiza ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Huyo ndiye tuliyempa mchango wetu. Mtu anayekuonyesha alipoharibu, huyo unaweza kumfuatilia. Yule ambaye kila kitu chake kinabubujika, kimbia.

Ilibaki picha. Kanisani mchungaji aliomba radhi kwa nusu sentensi akaendelea na matangazo. Barua pepe ya Nairobi haikujibiwa. Na picha hiyo hiyo walikuwa wameichapa kwenye bango kubwa kuliko shuka, limening'inia langoni mwa ofisi yao ya Voi, kandokando ya barabara kuu, mahali ambapo kila anayeteremka kutoka milimani kwa njia ya Mwatate lazima apite. Mamangu alikuwa anakaribia kuja. Jicho moja lilikuwa bado zima, na bango lile hata kwa nusu ya jicho mtu angeliona.

Nilikwenda nikawaomba. Nikaenda tena nikawagombeza. Msichana wa mapokezi alinijibu kwamba hana mamlaka. Basi nilirudi na stuli yangu ya dukani na mkasi wangu wa kukatia khaki, nikapanda mchana kweupe, nikakata kamba zote. Askari wa lango alinitazama. Nilimwambia, "Huyu ni mamangu, nimekuja kumchukua." Akatazama bango, akanitazama mimi, akafungua lango ili lisinizuie kulikunja. Sijawahi kuulizwa na mtu mpaka leo.

Nililikunja nikalisukuma chini ya meza ya kukatia, nyuma kabisa, nikapanga vitambaa mbele yake. Nilitaka mama aje, atibiwe, arudi Wusi bila kujua. Hilo tu ndilo nililokuwa nataka. Mtu mzima aliyeishi vizuri asije akajifunza uzeeni kwamba amekuwa ombaomba wa mji mzima.

Alikuja na gunia la ndizi. Nilimuuliza za nini zote hizo, akasema kanisani kwao Wusi wametangaziwa kwamba huko chini watu wana njaa, naye hawezi kuja mikono mitupu. "Mtazipeleka," akasema. "Si mna kikundi?"

Upasuaji ulikwenda salama. Siku waliyomfungua kitambaa nilimleta dukani apumzike, nami nikatoka kumnunulia chai. Jicho lilikuwa jipya, naye alikuwa akisoma kila kitu: lebo za nyuzi, kalenda, herufi kwenye cherehani. Husoma polepole, kwa sauti, kama alivyofundishwa katekisimu.

Niliporudi nilimkuta amepiga magoti sakafuni. Alikuwa ametaka kuzipanga ndizi zisije zikakandamizana, na kwa vile utomvu wa ndizi huharibu kitambaa, alitafuta kitu cha kutandika. Akapapasa chini ya meza, akavuta, akatandaza.

"Kumbe picha yangu waliileta!" akasema, uso wote umeng'aa. "Na hukuniambia! Na kubwa hivi!"

Nilisimama mlangoni na vikombe viwili. Yeye alikuwa ameshashuka kwenye maandishi, kidole kinafuata herufi.

"Bi-bi hu-yu ha-na mtu." Akainua uso. "Nani hana mtu?"

"Mama, achana nayo. Inuka unywe chai."

Hakuinuka. Alimaliza kusoma, mpaka pale pa kutokula tangu juzi. Ile furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo, na kwa lile jicho jipya nilijua anaona vizuri. Aligusa gauni lililopasuka. Akagusa jani la mgomba wake kwenye kona. Kisha akaja kwenye mkono, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kiganja, mpaka mwisho wa bango, akapapasa sakafu ya duka langu pale ambapo picha ilikuwa imeishia.

"Sahani iko wapi?" akauliza.

"Sahani gani, Mama?"

"Nilikuwa nimeshika sahani. Nilikuwa nampa yule mrefu, aongeze." Alinyoosha mkono wake kunionyesha, kiganja juu, vidole vimekunjuka kubeba uzito, na hapo ndipo nilipoutambua mkono wa mamangu. "Hivi. Kimanga kilikuwa hapa."

"Wameikata, Mama."

Alilitazama lile bango tena, kisha akanitazama mimi, binti yake fundi, mtu anayekata vitu kila siku na anayepaswa kujua sababu.

"Mbona waikate," akasema, "na chakula walikula?"